Hesabu patisheni kabla ya kuhesabu GB

Mwaka 2012 nilikuwa na laptopu ya Windows 7 yenye diski ya GB 500. Nilitaka kuweka Ubuntu pembeni, kisha na Fedora, zote ni Linux, nijifunzie. Nikaipunguza C, yaani patisheni (kipande cha diski) inayokaa Windows, nikapata GB 120 tupu, nikachomeka flashi ya kuwekea Ubuntu. Tulipofika hatua ya kugawa diski, zile GB 120 zilionekana, lakini mbele yake pameandikwa kwamba hazitumiki, na alama ya kuongeza patisheni haibonyezeki. Nilihangaika hadi saa nane usiku nikiamini diski inakufa.

Diski ilikuwa nzima. Kilichojaa ni orodha ya patisheni. Diski ya mtindo wa MBR, ulioanza 1983, huweka orodha hiyo kwenye sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512. Humo orodha imetengewa baiti 64, na kila patisheni inakula 16. Gawanya, unapata nne. Laptopu yangu ilitoka dukani na nne tayari: ya kuwashia ya MB 100, C, ya kurejesha Windows, na ndogo ya zana za mtengenezaji. Hata ningekuwa na GB 400 tupu, pa kuiandikisha ya tano hapakuwepo.

Nilitengeneza DVD za kurejesha Windows, nikahamishia mafaili yangu kwenye diski ya nje, ndipo nikafuta ile ya zana. Nafasi moja ikipatikana hivyo kwenye orodha, usiipe patisheni ya kawaida. Ipe patisheni tanuzi, yaani kasha linalobeba patisheni nyingine ndani yake. Linux huzihesabu za ndani kuanzia sda5 (sda ni diski, 5 ni namba ya patisheni), na inawaka humo bila shida; Windows ndiyo inayohitaji patisheni ya msingi ya kuwashia, yaani ya kawaida iliyo nje ya kasha. Ubuntu ikakaa sda5, Fedora sda6, na swopu (sehemu ya diski ya kusaidia RAM) ya kutumiwa na zote mbili sda7.

Windows ikikuambia kwamba ili kuongeza patisheni ya tano lazima diski igeuzwe kuwa dainamiki (mtindo wa Windows wa kugawa diski), kataa. Nakuomba sana, kataa. Linux nyingi hutaweza kuziweka humo, na kurudi nyuma kwa zana za Windows yenyewe maana yake ni kufuta kila kitu.

Kama mashine inaweza kuwaka kwa UEFI (mfumo wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS), njia bora ni GPT, mtindo mpya zaidi ya MBR, ambao orodha yake kwa kawaida ina nafasi 128. Windows 10 kuanzia toleo la 1703 ina zana ya mbr2gpt, inayobadilisha diski ya MBR kuwa GPT bila kufuta data, ila inakataa diski yenye patisheni za msingi zaidi ya tatu, na inakataa yenye patisheni tanuzi. Kwa hiyo amua mapema: ukishaweka kasha, mlango huo umefungwa.

Siku hizi nikiletewa laptopu nawasha Linux kutoka kwenye flashi, naandika sudo parted -l, amri inayoonyesha diski, mtindo wake na patisheni zake. Mtindo ukiandikwa msdos, hiyo ni MBR, nachukua kalamu na kuandika kila patisheni na kazi yake kabla sijagusa kitu.