Jibu: Hivi kucheka kuna faida gani kwa mtu mzima?

Mkuu pole kwanza. Umesema toka uhamie Mbeya kikazi ni ofisini geto, geto ofisini, na unauliza kama kucheka kuna faida au ni utoto tu. Faida ipo bwana. Kile kicheko cha kushika mbavu kinafanya ubongo utoe endofini, yaani kemikali za mwili zinazopunguza maumivu na stresi, ndo maana ukimaliza unajisikia mwepesi. Ila shida yako naiona hapo uliposema jioni unajifungia na vichekesho vya kwenye simu. Kuna mtafiti wa Marekani, Robert Provine, alichunguza sana hii kitu akakuta mtu akiwa na wenzake anacheka kama mara 30 zaidi ya akiwa peke yake, na mara nyingi wala hakuna kichekesho, ni stori za kawaida tu.

Kwa hiyo toka geto. Najua baridi la Julai huku halina adabu, vaa koti. Nenda Mwanjelwa tafuta kijiwe cha drafti za vizibo vya soda, simama tu nyuma ya anayefungwa, utamkuta mzee mzima kaliwa kete tatu kwa mpigo anakwambia jua lilimpiga machoni, na hapo ni saa moja usiku! Wakijua kabila lako ndo umekwisha, mi Mhehe, tunataniwa eti tunakula mbwa, basi kila nikifika wanauliza mbwa nimemwacha na nani. We jibu mapigo, usinune. Halafu uje utuambie wamekubatiza jina gani.