Re: Tumeachana, mkopo wa nyumba tuliosaini wote nani analipa?

Pole sana dada. Umeuliza kama hakimu akisema mumeo ndo alipe, we umeshatoka? Hapana, na hapo ndo wengi wanaumia. Amri ya talaka inawafunga nyie wawili, benki haikuwa kwenye kesi na mkataba wake bado una saini yako, kwaiyo jamaa akiacha kulipa watakufata wewe kwa deni lote alafu ndo uanze kumdai yeye kwa ile amri. Kabla kesi haijaisha nendeni benki muombe mkopo uandikwe upya kwa jina lake peke yake, wakikataa bora nyumba iuzwe deni lilipwe kwanza. Na taarifa za akaunti ya pamoja printi zote leo, tafadhali usisubiri.