Stroberi kwenye ndoo bila udongo huku Nyanda za Juu: taa na pampu waachie wenye shida nazo

Kamwene dada wa Mafinga. Swali lako nimelielewa hivi: una baraza, unataka kulima stroberi kwa maji ya mbolea bila udongo, hujawahi kufanya, na kuna jamaa anakuuzia seti nzima ya taa, pampu, mabomba na "mbegu maalum zinazozaa bila kujali msimu", sasa unauliza uanze na kipi. Mimi niko Mbeya, upande wa Uyole, hizi stroberi nalea kwenye ndoo nyumbani, za kula na za kuuzia majirani, kwahiyo nakujibu kwa ninavyofanya mwenyewe.

Jibu fupi, usinunue hiyo seti. Sio kwamba ni utapeli wote, hapana, ila imetengenezwa kutatua shida za watu wengine. Video nyingi unazoangalia zimetoka Ulaya na Marekani, kule msimu wa baridi mchana unakuwa mfupi hadi masaa nane tu na jua lenyewe halina nguvu, lazima wawashe taa, au zimetoka sehemu za joto ambako maji yakipata moto mizizi inaoza. Sisi huku jua tunalo mwaka mzima na maji yetu ni ya baridi. Shida zetu ni nyingine: baridi ya usiku mwezi wa sita na wa saba, umeme unaokatika unavyotaka, na maduka ya pembejeo ambayo ukisema mbolea wanakupa ya mahindi.

Nianze na hizo mbegu. Stroberi ziko za aina mbili kubwa, kuna zinazosubiri mchana uwe mfupi ndo zitoe maua, mfano Chandler, na kuna zisizojali urefu wa mchana, mfano Albion na San Andreas. Kwa mkulima wa kaskazini huko tofauti hii ni kubwa sana maana mchana wao wa kiangazi unafika masaa 16. Sasa angalia kwetu, tuko kama nyuzi 8 au 9 kusini mwa ikweta, mchana mrefu kuliko yote mwezi wa kumi na mbili haufiki hata masaa 13. Maana yake kwa hiyo Chandler huku kila siku ni siku fupi, itatoa maua tu ilimradi hakuna joto kali na imelishwa. Kwahiyo usilipe hela ya ziada kwa neno "haina msimu". Na usinunue mbegu za pakti kabisa, stroberi ya mbegu haifanani na mama yake na inachelewa mno, nunua miche, yaani yale machipukizi yaliyotokana na mikia inayotambaa. Ukiona mtu anauza mbegu za stroberi za bluu mtandaoni kimbia, hakuna stroberi ya bluu duniani.

(Na yule mdau aliyedandia uzi akauliza kama mfumo huuhuu unafaa kwa ile bangi inayotoa maua yenyewe bila kujali mwanga, kaka hapa Tanzania kulima hiyo ni jinai, watu wanafungwa hata miaka 30, mimi simo. Rudi kwenye stroberi.)

Sasa mfumo. Chukua ndoo ya lita 20, hizi za rangi zilizooshwa vizuri au za mafuta ya kupikia. Usitoboe chini. Toboa tundu moja ubavuni, kama vidole vitatu kutoka kwenye kitako, ukubwa wa kidole kidogo. Hilo tundu ndo mfumo wote. Ukimwagilia juu, maji ya ziada yanatoka pale, yanayobaki chini ya tundu ni akiba ya mmea, na juu ya hapo kuna unyevu na hewa. Ndo maana hauhitaji pampu. Mizizi inapumua dada, hicho ndo kitu ambacho anayeanza hakioni, anadhani mmea umekufa kwa kukosa mbolea kumbe umekosa hewa. Mwenye mizizi inayoning'inia ndani ya maji matupu anategemea pampu ya hewa saa zote, umeme ukikatika anaanza kuhesabu saa, hasa kama yuko sehemu ya joto maana maji ya moto hayashiki hewa nyingi kama ya baridi. Wewe na ndoo yako yenye tundu umeme ukatike hata wiki, unalala.

Ndani ya ndoo unaweka nini? Huku kwetu tuna bahati ambayo watu wengi hawaijui, haya mawe mepesi ya volkano, meupe au ya kijivu, yanayoelea ukiyatia majini, yale ya kusugulia visigino. Ukanda wa milima ya Rungwe na Ngozi umejaa. Wenzetu nje wananunua vitu kama hivyo kwenye mifuko kwa bei ya mbuzi. Yaponde yawe saizi ya punje ya mahindi hadi ya njugu, chekecha vumbi lote, osha mpaka maji yatoke meupe. Vumbi likibaki linashuka chini linakuwa tope na lile tundu linaziba. Changanya na maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi, sio majivu, meusi tu, sehemu mbili mawe sehemu moja maganda. Maganda kwa watu wa mashine za kukoboa yanapatikana kirahisi, hasa mpunga wa Mbarali na Kyela ukishaingia. Haya nayo yaoshe vizuri maana yakitoka kuchomwa yana pH ya juu (pH ni kipimo cha uchachu, ikiwa juu maana yake uchachu ni mdogo). Kama kwako Mafinga mawe hayo ni shida, kokoto ndogo za mtoni zinafaa pia ila ndoo inakuwa nzito na hazishiki maji, utamwagilia mara nyingi zaidi. Vumbi la makumbi ya nazi la pwani ni zuri ila mara nyingi linakuja na chumvi, lazima uliloweke na kulisuuza kwanza.

Mbolea ndo sehemu ya kukaa nayo kidogo. Mbolea za shambani za CAN na DAP za dukani sahau, CAN ina chokaa ndani haiyeyuki yote, na DAP inakupa amonia na fosforasi tu. Zile pakti za 19:19:19 za kupulizia majani nazo soma nyuma, nyingi naitrojeni yake ni yurea, na yurea kwenye udongo inageuzwa na bakteria kwanza ndo mmea unaila vizuri, kwenye mawe yaliyooshwa hao bakteria ni wachache. Unachotafuta ni vitu vitatu. Kwanza kalsiamu naitreti, ile ya kuyeyuka kabisa, YaraLiva Calcinit ni mfano, ina naitrojeni asilimia 15.5. Pili NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu pamoja) ya unga isiyo na yurea, naitrojeni ndogo na potasiamu kubwa, mfano 4-18-38, iwe na madini madogomadogo kama chuma, boroni na zinki. Tatu magnesiamu salfeti, wengi wanaijua kama chumvi ya Epsom. Ukifika duka la pembejeo ukiambiwa "hii nayo ni ileile" soma mfuko mwenyewe.

Kwa lita 10 za maji mimi naweka gramu 4 za hiyo NPK, gramu 2 za magnesiamu, koroga iyeyuke yote, alafu ndo gramu 4 za kalsiamu mwishoni. Miche michanga nusu ya hapo. Kamwe usichanganye kalsiamu na hizo nyingine zikiwa kavu au kwenye maji kidogo, utaona maji yanakuwa kama ya chokaa na unga mweupe unatua chini, hiyo ni kalsiamu imeshikana na salfeti na fosfeti, mmea hauwezi kula jiwe. Kijiko kinadanganya, tafuta mizani ndogo ya dijitali, hizi wanazopimia dhahabu huko Chunya, inasoma hadi sehemu ya gramu. Na nunua kipima EC, yaani kinachoonyesha chumvi za mbolea zilizoyeyuka majini ni nyingi kiasi gani, na kipima pH kabla ya kununua kitu kingine chochote. Stroberi haipendi chumvi nyingi, EC yake iwe 1.0 hadi 1.4 (mS/cm), ukizidisha kingo za majani zinakauka kama zimepitiwa na pasi. pH iwe kati ya 5.5 na 6.2. Ikiwa juu, asidi ya fosforasi ndo nzuri, siki na ndimu zinashusha leo kesho pH imerudi palepale. Kuna watu wanatumia asidi mpya ya betri, ni kweli inashusha, ila nyumba yenye watoto mimi siwezi kukushauri hivo.

Maji ya mvua ya bati ni mazuri kuliko yote na sisi mvua tunayo kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, hifadhi. Tahadhari yake moja, hayana kitu ndani kwahiyo pH inayumba haraka, tia asidi kwa tone. Ya bomba yaache wazi usiku kucha klorini ipungue.

Kupanda: ile shingo ya mche, pale majani yanapochipukia, lazima ikae juu ya mawe. Ukiizika inaoza, ukiiacha juu sana mizizi inakauka. Ndoo ya lita 20 inabeba miche mitatu. Maua ya mwanzo yakate bila huruma wiki tatu nne za mwanzo, na mikia inayotambaa kata pia mpaka mmea unenepe. Mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu, kipindi cha baridi kila baada ya siku mbili tatu inatosha, Septemba na Oktoba ule upepo mkavu ukianza ni kila siku. Mara moja kwa wiki mwagilia maji matupu mengi kusafisha chumvi. Mizizi mizuri ni myeupe na haina harufu, ukifukua kidogo pembeni ukakuta kahawia na inanuka, usiongeze mbolea, angalia tundu kama limeziba.

Baraza lako linatazama wapi? Hili watu wanalidharau. Mwezi wa sita na wa saba jua letu liko upande wa kaskazini, baraza linalotazama kusini halipati jua kabisa kipindi hicho, na stroberi inataka jua angalau saa sita kwa siku. Ndoo nyeusi kipindi cha baridi inasaidia, inashika joto la mchana, ila Oktoba ifunike na kitu cheupe. Ndoo inayopitisha mwanga ipake rangi maana mwanga ukiingia ndani ukijani unaota kwenye mawe na kuziba hewa.

Baridi yenyewe sio adui kama unavyoogopa. Majani yanavumilia, yanakuwa na wekunduwekundu kwa sababu mizizi baridi inashindwa kuvuta fosforasi vizuri, jua likipanda yanarudi, usikimbilie kuongeza mbolea. Kinachokufa ni ua. Asubuhi baada ya barafu, zile za kule Makete na Njombe na nyie Mafinga mnazijua, ua linaweza kuwa jeupe zuri kabisa kwa nje, lakini tazama katikati, pale penye njano ukikuta pamegeuka peusi kama jicho, hilo ua halitoi tunda, likate. Jioni ukihisi anga limetulia bila wingu wala upepo, sogeza ndoo ukutani na funika na nailoni au shuka kuukuu, asubuhi funua.

Halafu nyuki. Kila kambegu unakokaona juu ya ngozi ya stroberi kanahitaji chavua yake, kasipopata, nyama ya pale haivimbi, ndo maana unaona tunda limepinda upande mmoja mtu anasema ni ugonjwa. Barazani nyuki hawafiki sana, chukua brashi laini ya rangi, zungusha taratibu katikati ya ua saa nne asubuhi hivi umande ukishakauka. Ndege wakikusumbua weka neti, ila sio chandarua chenye dawa, ile dawa ni ya wadudu na nyuki ni mdudu.

Kutoka ua hadi tunda jekundu hesabu kama wiki nne, kwenye baridi inazidi. Subiri liive pande zote hadi chini ya kofia, stroberi ikishachumwa haiongezi utamu hata ukiiweka dirishani. Ukungu wa kijivu utaupata masika kama majani yamebanana, punguza majani ya chini na usimwagilie juu ya mmea. Kiangazi geuza jani uangalie chini, vidotividoti vinavyotembea na utando mwembamba ni utitiri, piga maji kwa nguvu chini ya jani kila baada ya siku chache.

Anza na ndoo mbili tu. Pima maji yako kabla hujatia mbolea yakiwa matupu yanasoma EC ngapi na pH ngapi, uniletee hizo namba na baraza linatazama wapi, hapo nitakupigia hesabu ya gramu za kwako maana zangu ni za maji ya huku.