Mvua ikikukuta dagaa ziko juani

Kama umewahi kuanika dagaa Kibirizi au Katonga, huku kwetu Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, unaijua ile dakika. Jua linawaka vizuri tu, mara unaangalia ng'ambo milima ya Kongo huioni tena, imemezwa na wingu, na upepo umegeuka. Hapo una muda mdogo sana na kila mtu mwaloni anakimbilia chanja yake, kile kichanja cha kuanikia.

Mimi nimejifunza watu kwenye ile dakika kuliko sehemu yoyote. Sio msibani wala harusini, maana huko watu wamejiandaa. Mvua haikupi nafasi ya kujiandaa.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye hii biashara nilikusanya zangu, nikazifunika, halafu nikasimama kibandani naangalia dagaa za jirani zinalowa. Nilijiambia mwenyewe atakuja. Hakuja, alikuwa amempeleka mtoto zahanati, na mzigo wake ukaishia kuuzwa chakula cha kuku. Ilikuwa imebaki siku mbili mbalamwezi ikolee, na ukishakuwa mwanga hivyo boti hazitoki kwa sababu dagaa hazifuati taa, kwa hiyo yule dada alikaa zaidi ya wiki bila mzigo na bila hela. Hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Baadaye ikawa zamu yangu, nimeenda kunywa chai na chapati juu huko barabarani, mvua ikaanza, nimekimbia mpaka pumzi inakata, nafika nakuta dagaa zangu zimefunikwa turubai na mawe yamewekwa pembeni, na za mama wa chanja ya pili zimelowa chapachapa. Nikamuuliza mama, mbona umeanza na zangu? Akasema, "Mwanangu, zangu ni za asubuhi, bado zina maji yake. Zako zilikuwa zimeshakauka, zikilowa hizo ndo basi." Yaani kwenye ule upepo wote alikuwa ameshapiga hesabu ya nani ataumia zaidi, na hesabu haikuanza na yeye. Nimeifikiria sana ile hesabu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza biashara ya dagaa, kabla hujauliza bei ya sado nenda kawajue majirani wa chanja, ujue nani ana mtoto mdogo, nani anaishi mbali kule Ujiji, nani mzee hawezi kukimbia. Turubai nunua kubwa kuliko chanja yako. Na mtu akikuokolea mzigo mshukuru siku hiyohiyo, usimwambie "tutaonana", na wewe ukimwokolea mtu usimkumbushe, inachosha roho ya mtu sana hiyo.

Ziwa lilipofungwa tusivue kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 chanja zilikaa tupu miezi mitatu, na pale kwetu waliogawana unga walikuwa ni walewale wanaofunikiana. Mimi niliipata ile ndoo ya sembe kutoka kwa yule dada ambaye dagaa zake niliziangalia zikilowa. Niliipokea nikashindwa hata kusema.

Sasa hivi nina turubai mbili. Ya pili naiacha imekunjwa katikati ya chanja yangu na ya jirani, jiwe juu yake, mwenye kuwahi aichukue.