Siamini tena, na mama mkwe ananisimanga

SWALI: Shangazi, nina miaka 27, naishi Kisasa hapa Dodoma. Nimelelewa Kianglikana Mpwapwa, baba yangu ni katekista. Nilipofika chuo nilianza kujiuliza mambo mengi ya dini, na sasa siamini tena. Tulifunga ndoa kanisani miaka minne iliyopita. Mume wangu hanielewi. Kila Jumapili anamwogesha mtoto wetu, anaenda naye ibadani pamoja na mama yake, mimi naachwa peke yangu. Mama mkwe anasema nimeharibika. Nyumbani Mpwapwa hawajui; Krismasi huwa naimba kwaya ili baba asiumie. Nafikiria kuondoka na mwanangu.
Mwenye Maswali

JIBU: Pole, mwanangu. Masimango yanauma, na huyo mama apunguze maneno.

Pole yangu imeishia hapo. Unasema unaachwa. Mwanamume anaamka Jumapili, anaogesha mtoto, anamvalisha, anatoka naye, wewe umejifunika shuka. Wako wanawake wangelipa nauli kuja Kisasa kumtazama tu! Hujaandika kwamba amekuburuta ibadani wala kukuitia kikao cha wazee. Kosa lake ni nini hasa?

Tena ulipofunga ndoa, chuo ulikuwa umeshafika na maswali unayo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu kufunga ndoa bomani, bila mchungaji. Wewe ukakubali kutangazwa kanisani, ukavaa shela, ukanyamaza. Mwenzio alidhani anaoa binti wa katekista. Nani hamwelewi nani hapo?

Lakini nilipofika kwenye ile kwaya ya Krismasi, nilivua miwani. Kumbe imani unaikosa Dodoma tu! Kwa baba yako unaimba, kwa mama mkwe ndiko unakokuwa mtu wa msimamo. Bibie, wewe unamwogopa baba yako, na hasira zake unammalizia mama wa watu.

Kuhoji hakunitishi. Wamisionari wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, walipofika Mpwapwa miaka ya 1870 waliwakuta Wagogo wana Mulungu wao na matambiko yao ya mvua. Waliobatizwa mwanzo waliacha ya wazee wao, na sidhani kama wazee walipiga vigelegele. Imani anayokusimangia mama mkwe ilianza na mtu aliyeitwa ameharibika vilevile. Mkumbushe siku akiwa ametulia. Ila wale walibadilika mchana kweupe, kijiji kizima kinaona.

Na Katiba, ibara ya 19, inakupa uhuru wa kuamini utakacho. Mumeo naye anao huohuo, usiusome upande wako tu. Vijana wa siku hizi mnanichosha: mtabishana habari za Mungu kwenye simu na watu msiowajua hadi saa nane za usiku, na mume aliyelala ubavuni hajaulizwa neno.

Kuondoka na mtoto sahau. Wiki hii, mtoto akishalala, mweleze mumeo yote, tangu chuoni. Kisha panda basi uende Mpwapwa, peke yako, ukamwambie baba yako uso kwa uso kabla Krismasi nyingine haijakukuta kwenye kwaya. Ukitoka huko ndipo uniandikie tena habari za mama mkwe.

Na Jumapili hii, nguo za mtoto pasi upige wewe.