Kifaransa kwa watoto wa skuli: anza na masikio
Dada, umeuliza kama uwaandikie Kifaransa ubaoni tangu siku ya kwanza hao wa darasa la tatu. Usiandike! Mtoto wetu wa Unguja kazoea Kiswahili, kila herufi husomwa. Akiona "poisson" (samaki) ataitamka mpaka ile n ya mwisho, na Kifaransa n hiyo hutokea puani tu, haisomwi wazi. Mimi huwapa vitu mkononi: le poisson, la mangue (embe), le citron vert (ndimu; hunuswa kwanza, lazima). Le na la, vile vineno vya kiume na kike mbele ya jina, wazishike pamoja na jina lake. Kazi ipo kwenye u ya "tu" (yaani wewe): watamke i huku midomo imechongoka kama wanapiga mbinja. Watacheka, waache. Chuoni, kwenye Kurani, wameshazoea kufuatisha matamshi ya Kiarabu, sauti ngeni haziwatishi.