Maswali na majibu: Mishono ya kwanza ya temari

Wasomaji wengi wameniandikia kuhusu temari, ile mipira ya Kijapani inayodariziwa kwa nyuzi. Te ni mkono, mari ni mpira. Nimechagua maswali yanayojirudia zaidi.

Sindano inapita vizuri, lakini uzi unachomoka. Nimekosea wapi kwenye mshono?

Mshono wako hauna kosa. Tatizo liko chini yake. Temari haina kitambaa, kinachoshika uzi wa kudarizi ni ngozi ya nyuzi ulizozungushia kiini. Anza na uzi wa sufu mpaka kiini kisionekane, kisha malizia na uzi wa kawaida wa cherehani, na usiuonee uchungu: mpira wenye mzingo wa sentimita 24 unaweza kula mita 200 na zaidi. Geuza mpira kila wakati ili uzi usipite njia moja mara mbili mfululizo, la sivyo utapata mfereji na mpira utakuwa yai. Kabla ya kudarizi, pitisha sindano juujuu na uivute kidogo. Ngozi ikiinuka, ongeza uzi.

Kiini ni lazima kiwe cha duka?

Hapana. Zamani Wajapani walitumia mabaki ya kimono zilizochakaa. Kwa mafundi wa Sanuki, yaani mkoa wa Kagawa wa leo, kiini ni pumba za mpunga, na nyuzi za juu ni pamba iliyotiwa rangi za mimea. Ukiwa karibu na mashine ya kukoboa mpunga, kiini unacho tayari: zipepete pumba, zianike zikauke kabisa, zifunge kwenye karatasi laini au soksi nyembamba. Mimi napenda pumba kuliko povu jeupe la dukani, kwa sababu mpira wa pumba unatulia mkononi na unakubali kukandwa mpaka uwe duara.

Napimaje bila kuchora mistari?

Kwa utepe wa karatasi. Uchomeke kwa pini juu ya mpira, hapo ndipo kaskazini. Uzungushe mpaka urudi kwenye pini, ukate hapohapo. Kunja mara mbili: nusu inakuonyesha kusini, robo inakuonyesha mstari wa katikati, ambao Wajapani huuita obi, kama mshipi wa kimono. Zungusha utepe pande kadhaa, maana kusini ya kwanza huwa imepinda kidogo. Kisha gawa mstari wa katikati mara 8. Kwa mpira wa sentimita 24, pini zitaachana sentimita 3. Pitisha uzi mwembamba unaong'aa kutoka kaskazini hadi kusini kwenye kila pini, na mistari yako 8 imekamilika. Hatua hii inachosha. Hata hivyo, pini ikikosewa kwa milimita 3, ua utakalolidarizi litaonekana limepinda kwa kila anayelitazama.

Kila fundi anataja uwagake chidori kagari. Nieleze polepole, tafadhali.

Huu ndio mshono wa kuujua kabla ya yote, na ndio unaozaa lile ua la krisanthemamu linaloitwa kiku. Chidori ni ndege mdogo wa ufukweni, na mshono unakwenda kama miguu yake, upande huu na upande ule.

Toa sindano kushoto kwa mstari wa 1, sentimita 1 chini ya kaskazini. Shuka na uzi hadi mstari wa 2, sentimita 2 juu ya obi. Hapo sindano iingie kulia kwa mstari, itoke kushoto, ikibeba mstari pamoja na ngozi kidogo ya mpira. Panda mstari wa 3, sentimita 1 kutoka kaskazini, fanya vilevile. Endelea kupanda na kushuka mpaka urudi ulikoanzia: una nyota ya ncha 4. Uzi wa pili ukianzia juu ya mstari wa 2 utakupa ncha 4 nyingine.

Mzunguko unaofuata ndio unaowashinda wengi. Chini ni rahisi, unashona chini tu ya mshono uliotangulia. Juu, shuka kidogo kutoka ule wa kwanza na upanue mshono, sindano ipite chini ya nyuzi zote za awali bila kuzitoboa. Tanguliza upande wa tundu la sindano, kwa kuwa ncha kali huchana uzi. Mizunguko mitano ikipita utaona nyuzi za juu zimesukana kama ukili. Usizikaze. Uzi ulale tu juu ya mpira.

Kuna mshono mwepesi wa kumfundisha mtoto?

Maki kagari. Ni kuzungusha uzi kandokando kuzunguka mpira mpaka upate mkanda, na kuubana kwa mshono mdogo mwanzo na mwisho.

Je, hizi ni za kuchezea au pambo tu?

Zilichezewa na watoto mpaka mipira ya raba ilipoenea Japani. Sasa huwa pambo na hutolewa zawadi. Zile za Honjo, mkoani Akita, zinaning'inia na vishada vitatu. Huko Yanagawa, mkoani Fukuoka, hutundikwa pamoja na vipambo vya kushonwa kwa ajili ya sikukuu ya watoto wa kike.

Fundo langu linaonekana. Nilifiche wapi?

Ndani. Ingiza sindano sentimita 3 mbali na unapoanzia, itokee penye mshono wa kwanza, kisha vuta taratibu mpaka usikie fundo limezama. Ukimaliza, pitisha sindano ndani ya ngozi kwa urefu uleule, vuta uzi kidogo, kata sawa na uso wa mpira. Kipande kilichobaki kitarudi chini chenyewe.